Maji ya Kwanza ya Lavington

Mimi nina hasira za karibu, na nalisema mapema ili mtu asije akashangaa huko mbele. Mamangu husema nilipozaliwa sikulia, nilifoka. Hasira hizo zimenipa mengi, zimeninyima mengine, na mwaka mmoja katikati ya miaka ya elfu mbili nusura zinikoseshe shahada niliyokuwa nimeitolea jasho.

Nilikuwa mwalimu wa jiografia katika shule ya upili upande wa Kangemi. Kila mwaka niliwachorea wanafunzi mishale ubaoni: kaskazi inatoka huku, kusi inatoka kule, pepo hizi ndizo huleta mvua, nakilini. Siku moja msichana wa kidato cha pili akainua mkono. "Mwalimu, tunajuaje mvua imetoka huko? Kuna mtu aliifuata?" Darasa likaangua kicheko. Nikamfokea akae chini. Lakini jioni, nikitembea kwenda kwa mama, mtaa wa Mountain View, swali lile lilinitafuna njia nzima, kwa sababu sikuwa na jibu. Nikaomba likizo ya masomo ya miaka miwili na nusu, nikaenda chuo kikuu mjini kulitafuta.

Jibu, kumbe, liko ndani ya maji yenyewe. Maji si yote sawa. Katika kila glasi mna maji mepesi ya kawaida, na humo mmechanganyika maji kidogo sana ambayo chembe zake ni nzito zaidi. Ukiyanywa hutahisi tofauti yoyote. Chembe hizo wataalamu huziita isotopu, na wana mashine ya kuzipima. Maji mazito ni mavivu: kupanda kuwa mvuke hayataki, na yakishapanda hayakawii kushuka. Wingu linapotoka Bahari ya Hindi kuja kwetu ni kama mtu anayepanda mlima wa Kangemi na mizigo kichwani. Kinachotuliwa kwanza ni kile kizito. Mvua nyingine inabaki pwani, nyingine inabaki Ukambani, na mvuke unaofika Nairobi umekwisha kuwa mwepesi. Kwa hivyo ukilipima tone unaweza kujua limetoka mbali au karibu, wingu lake lilinyesha sana au kidogo njiani, na hata kama tone lenyewe lilianza kukauka hewani kabla halijafika chini. Siku nilipolielewa hilo, maktabani, nilipiga meza ngumi kwa furaha, nikafukuzwa.

Mpango wangu ulikuwa huu. Ningekinga kila mvua ya Nairobi kwa miaka miwili, mahali pawili, niipeleke ng'ambo ikapimwe, halafu niseme ni nini hasa kinachoibadilisha: ni njia ya upepo, ni wingi wa mvua, au ni kile kinachotokea kati ya wingu na ardhi. Mwezi wa nane baada ya masika ya mwisho, likizo yangu ingekwisha. Nikiwa na shahada, nitarudi shuleni kichwa juu. Nikiikosa, nitarudi kwenye mishale, na mkubwa wa shule alikuwa ameshaniambia waziwazi kwamba likizo ya pili nisiiote.

Kipimo cha kwanza, mkebe wa kukingia mvua, nilikiweka uani kwa mama, kando ya tangi la maji. Wiki ya kwanza tu nikamkuta ameyamwagia sukuma wiki zake maji ya utafiti. Nilifoka mpaka jirani akachungulia juu ya ua. Mama aliniangalia, akajifuta mikono kwenye leso, akasema, "Haya, hiyo mkebe yako sitaigusa tena hata ikishika moto." Na kweli hakuigusa. Kuanzia siku hiyo nilikinga mwenyewe.

Kipimo cha pili nilikiweka Lavington, katika boma la mama mmoja ambaye watoto wake nilikuwa nikiwafunza hisabati wakati wa likizo. Boma lilikuwa na ukuta mrefu, nyasi zilizonyolewa, na askari wa geti, mzee kutoka magharibi, mtu wa kanisa, ambaye alikuwa akiishi hapo hapo katika chumba kidogo kando ya geti. Mwenye nyumba akasema, "Mwalimu, mwachie mzee. Huyo hata saa ya jikoni huirekebisha yeye." Kwa kuwa alikuwa mtu mzima, umri wa babangu, sikumfokea. Nilimpa masharti matatu kwa upole. Chupa ijae mpaka shingoni. Kifuniko kikazwe kwa nguvu. Saa iandikwe kwenye daftari.

"Ukibakisha hewa ndani ya chupa, mzee, maji mepesi yanatoroka."

Akacheka. "Kumbe hata maji hutoroka kazi?"

"Hutoroka sana."

"Basi hapa hayatatoroka," akasema, akavua kofia na kuivaa tena. "Na haya maji yanaenda wapi?"

"Ng'ambo. Kwa wazungu wenye mashine."

"Mpaka ng'ambo!" Alilirudia hilo neno mara mbili, taratibu. Nilipaswa kumwangalia usoni wakati ule. Sikumwangalia, nilikuwa na haraka, mimi na haraka ni mapacha.

Kwa miaka miwili mzee hakukosa mvua hata moja. Kila mwisho wa mwezi nilikuta chupa zimepangwa kwenye kreti ya soda chini ya kitanda chake, lebo zimeandikwa kwa mwandiko wa shule za zamani, na kwenye daftari kila mvua ina saa mbili: ya kwanza na ya pili. Nilijua moja kwa moja kwamba hizo ni saa ya kuanza na saa ya kuisha. Sikuuliza. Nilinakili kiasi cha mvua, nikamshukuru, nikabeba kreti.

Majibu ya kundi kubwa yalikuja mwezi wa pili, kabla ya masika ya mwisho. Niliyasomea kwenye saiba moja ya intaneti mjini, ghorofa ya pili, kijana wa kando yangu akipakua nyimbo. Namba za Mountain View zilikuwa tamu. Mvua kubwa nyepesi, manyunyu mazito, kama vitabu vinavyosema. Namba za Lavington zilikuwa na kitu. Kila mvua, bila kukosa, Lavington ilikuwa nyepesi kuliko Mountain View. Mvua ile ile, siku ile ile, mwendo wa saa moja kwa miguu. Wingu gani hilo linalojua mpaka wa Lavington?

Profesa wangu aliziangalia namba zile mara moja tu. Alikuwa mtu wa maneno machache, na machache hayo yalikuwa makali.

"Maji ya mfereji ya Nairobi yanatoka wapi?"

"Milimani, profesa. Nyandarua."

"Na mvua ya milimani ni nyepesi au nzito?"

Jibu nililijua. Ni nyepesi, kwa sababu wingu likifika kule juu limeshatua karibu kila kitu.

"Askari wako anakosa mvua, halafu anajaza chupa kwa mfereji," akasema. "Nilikuambia usimwachie mtu. Tupa data ya Lavington. Ukiitupa umebaki na kituo kimoja, na kituo kimoja hakikupi shahada hapa. Ama unieleze tofauti hiyo imetoka wapi. Una mpaka mwezi wa saba."

Nilitoka chuoni nikaenda Lavington kwa miguu, moja kwa moja, nikichemka. Nilimkuta mzee akimfungulia mwenye nyumba geti. Mtunza bustani alikuwa pale na makasi yake, dada wa kazi alikuwa anaanika nguo. Sikungoja. Nilimwambia mbele yao wote kwamba amenidanganya miaka miwili, kwamba amenijazia maji ya mfereji, kwamba ameniua. Nilisema mengine ambayo sitayaandika.

Mzee aliingia chumbani mwake. Akatoka na kipimo changu, amekiosha, na daftari, na lebo zilizobaki zikiwa zimefungwa kwa uzi.

"Mwalimu, chukua kitu zako," akasema. "Mimi sijaweka maji ya mfereji hata tone moja, haki ya Mungu. Lakini umeshasema." Akafunga geti, mimi nikiwa nje.

Wiki tatu nilizokaa nyumbani baada ya hapo sitaki hata kuzikumbuka. Nilikuwa nimeshindwa, na nilimchukia mzee wa watu kwa moyo wangu wote. Mama alinipikia kila nilichokipenda nikawa nasukuma sahani. Mwishowe akasema, "Wewe utaniharibia unga."

Halafu masika yakaanza.

Yalianza alasiri, kwa kishindo, baada ya vumbi la miezi miwili. Mvua ilipiga mabati hata tukawa hatusikilizani. Mama akatupa leso kichwani, akatoka mbio uani akiwa na ndala, akaliendea bomba la gata la paa linaloingia kwenye tangi. Akalisukuma kwa mguu. Bomba likatoka kwenye tangi, na maji yakaanza kumwagika chini, mekundu kama chai ya rangi, na majani na mavi ya ndege.

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nimemwona mama akifanya hivyo tangu nikiwa mtoto. Kila mtu mwenye tangi upande wetu hufanya hivyo: paa lioge kwanza, maji ya kwanza yaende zake, yakisafika ndipo unarudisha bomba. Hakuna anayekufundisha. Unaona tu.

"Mama," nikapiga kelele, "kama mtu angekuambia ukinge mvua, iende ng'ambo, kwa wageni, ungewapa haya?"

Mama alinigeukia, maji yakimtiririka puani. "Haya? Kwa wageni? Ai! Una akili kweli? Watasema sisi ni watu wa aina gani?"

Jamani. Nilishika mlango.

Maji ya kwanza ya mvua ndiyo mazito. Wingu hutua kizito kwanza, halafu matone ya mwanzo hupita kwenye hewa kavu, yanakauka njiani, na kinachokauka na kutoroka ni kile chepesi. Hayo nilikuwa nimeyasoma, nikayaandika, nikayafanyia mtihani. Ukiyamwaga ya kwanza, unabaki na mepesi. Na kitu kingine kikanigonga kichwani papo hapo, mpaka nikajipiga kofi la paji la uso: mvua ya Lavington siku zote ilikuwa pungufu kidogo kuliko ya kwetu. Nilisingizia miti. Mtu anayeongezea maji ya mfereji, maji yake huwa mengi. Ya mzee yalikuwa machache! Mtu mzima na digrii yake, mwalimu wa watoto wa watu, na hesabu ya darasa la tatu imempita hivi hivi kwa sababu ya hasira.

Sikuchukua mwavuli. Nilivuka Waiyaki Way nikateremka kuelekea Lavington mvuani nikikimbia, viatu mkononi, na walinzi wa kila geti wakiniangalia kama mwendawazimu. Nilipofika, mzee alikuwa chini ya kibaraza cha chumba chake. Alikuwa ameshika kikombe cheupe cha bati, anakinga matone yanayodondoka kutoka kwenye paa.

"Mzee," nikahema. "Maji ya kwanza. Ulikuwa unayamwaga?"

Akaniangalia tangu juu hadi chini, matope na yote. "Si lazima?"

"Kila mvua?"

"Mwalimu, hayo maji ni ya vumbi. Ningepeleka hiyo maji ng'ambo, wangesema nini juu yetu? Naacha inyeshe, nakinga kwa kikombe, naangalia. Nikiona chini ya kikombe vizuri, ndio naenda namwaga ile ya kwanza kwa kipimo, nasuuza na mvua, narudisha. Na nimeandika. Saa ya kuanza kunyesha, na saa ya kuanza kuweka. Si uliona?"

Saa mbili. Miaka miwili nilikuwa nazo mkononi.

Nilipiga magoti pale pale kwenye matope, nikaomba msamaha, nikilia na kucheka. Mzee akaniacha nimalize. Halafu akasema jambo ambalo bado nalisikia.

"Mimi nimekusamehe, kwa sababu hata Mungu husamehe. Lakini ulinichafua mbele ya watu. Utanisafisha mbele ya watu. Si hapa kwa mvua tukiwa wawili."

"Nitakusafisha, mzee."

"Haya. Amka, utapata baridi."

Tulianza upya kesho yake, nilipomrudishia kipimo, na yalikuwa ndiyo masika mazuri kuliko yote maishani mwangu. Sasa kila mvua ya Lavington ilikuwa na chupa mbili: ya maji ya kwanza, ambayo mzee aliijaza kwa uso wa kuudhika, na ya maji ya baadaye. Nyumbani kwa mama tulikinga yote pamoja. Lakini profesa angeweza kusema mvuke wenyewe wa Lavington ni tofauti, kwa hivyo nilihitaji kuunasa mvuke hewani. Mvuke hunaswa kwa kuipitisha hewa kwenye bomba la kioo lililozamishwa kwenye baridi kali sana, ukaganda. Baridi kali ningeitoa wapi? Nilimwendea bwana mmoja wa upande wa Kabete anayezunguka kwa pikipiki kupandikiza ng'ombe mimba. Mbegu za fahali huhifadhiwa kwenye nitrojeni ya maji, baridi ambayo hata kidole kinavunjika. Akanigawia. Nilipoingia uani na ule mtungi unaotoa moshi, mama akauliza, "Na sasa unampandikiza nani?"

Bomba moja lilikaa kwa mama, lingine kwa mzee, na saa ile ile wote wawili wakawasha pampu za kuvuta hewa. Mama, ambaye alikuwa ameapa hagusi kitu changu, akawa anampigia mzee simu ya mkono: "Umewasha? Mimi nimewasha."

Tulipeleka chupa mwisho wa mwezi wa tano. Majibu yakaja mwanzo wa mwezi wa saba, saiba ile ile, ghorofa ile ile. Mvuke wa Mountain View na mvuke wa Lavington: sawa. Maji ya kwanza ya Lavington: mazito, na yenye alama ya kukauka njiani. Maji ya baadaye: mepesi, kama ya miaka miwili iliyopita. Ukiyachanganya yote mawili kwa vipimo vyake, unapata mvua ya mama yangu. Nilipiga ukelele. Mwenye saiba akaja mbio akidhani nimeibiwa.

Mnaona nilichokuwa nacho? Watu hukinga mvua yote kwa pamoja, kwa hivyo hawajui kilicholetwa na upepo ni kipi na kilichofanyika hapa hapa chini ya wingu ni kipi. Mimi nilikuwa na miaka miwili ya mvua ya jiji moja ikiwa imetenganishwa, mvua kwa mvua. Maji ya baadaye ya mzee, yasiyo na hila ya hewa kavu, yalionyesha upepo waziwazi: kaskazi ikianza ni hivi, kusi ikishika ni vile. Tofauti kati ya mzee na mama ilionyesha hewa yetu ya Nairobi inavyoila mvua kabla haijatufikia. Swali la yule msichana wa kidato cha pili lilikuwa na jibu. Ndiyo, kuna mtu aliifuata.

Profesa alisoma karatasi zangu, akavua miwani, akaivaa tena. Kwa mara ya kwanza alitabasamu. Halafu akafunga mlango wa ofisi.

"Hii ni kazi," akasema. "Sasa nisikilize. Andika kwamba ulipanga hivyo tangu mwanzo. Kituo kimoja mvua nzima, kituo kingine mvua bila maji ya kwanza. Ni mpango mzuri sana. Ukisema ni askari aliyekuwa anamwaga na wewe hujui, miaka miwili, watasema hukuusimamia utafiti wako. Huyo mtahini anayekuja kutoka nje namjua, amewaangusha watu kwa kosa dogo kuliko hilo. Nani atajua?"

Nilienda nyumbani nikaandika sentensi hiyo. *Mtafiti aliamua kuyatenga maji ya kwanza.* Ilipendeza. Niliisoma mara nyingi, na kila nilipoisoma niliona vile inavyonifikisha upande wa pili bila kulowa. Kusema kweli, niliipenda. Niliiacha humo siku nne nzima. Siku ya tano nikaifuta, nikaandika ilivyokuwa, nikampelekea profesa. Hakunijibu.

Siku ya kuitetea kazi yangu mbele ya watahini kulikuwa na manyunyu ya baridi ya mwezi wa saba. Chumba kilikuwa ghorofa ya juu, madirisha yanaangalia katikati ya jiji. Mezani walikaa wanne, na katikati yao yule mtahini wa kutoka nje, mama mwembamba mwenye kalamu nyekundu. Nyuma kabisa alikaa mama yangu na kofia ya kanisani, na kando yake mzee, amevaa suti ya kijivu iliyokaa sandukuni muda mrefu, mfuko wa karatasi magotini.

Nilieleza grafu zangu. Nilipofika Lavington, mtahini akainua kalamu.

"Hapa nimependezwa," akasema. "Kuyatenga maji ya kwanza. Naona umeliandika jambo hili kwa njia ya ajabu kidogo kwenye sura ya tatu, labda sikukuelewa. Ulipataje wazo hilo?"

Mlango ulikuwa wazi, jamani. Wazi kabisa. Profesa alinikazia macho. Ningesema tu "nililifikiria," basi, twende nyumbani.

"Sikulipata mimi," nikasema. "Mimi sikujua. Aliyefanya ni yule mzee aliyeketi nyuma pale, na alifanya kwa heshima, ili maji yetu yasiaibike ugenini. Aliandika kila kitu kwenye daftari na mimi sikusoma vizuri. Majibu yalipokuja nikamwita mwongo mbele ya watu. Hakuwa mwongo. Hajawahi kuweka tone la mfereji. Mwenye makosa ni mimi, na nataka ijulikane hapa, mbele ya watu."

Profesa akainamia karatasi zake. Nilisikia manyunyu kwenye kioo.

Mtahini hakutabasamu. "Basi kuna tatizo kubwa," akasema. "Kama alikuwa anakisia tu, leo anamwaga kidogo, kesho anamwaga nyingi, namba hizi hazina maana. Alijuaje wakati wa kuacha kumwaga?"

Niligeuka nyuma. "Mzee," nikasema, "tafadhali waambie."

Mzee akasimama. Akafunga kifungo cha koti. Akatia mkono kwenye mfuko wa karatasi, akatoa kikombe cheupe cha bati.

"Mama, mimi nakinga na hii. Chini kuna hii alama nyeusi, rangi ilibanduka. Nikiiona vizuri ndani ya maji, ndio naanza kuweka. Nisipoiona, nangoja."

"Kila mara kikombe hicho hicho?"

"Kikombe ni kimoja, mama. Na alama ni moja. Miaka miwili."

Mtahini akanyoosha mkono. Kikombe kikapita mezani, kila mtu akachungulia ndani. Halafu mzee akatoa kitu cha pili, chupa ndogo yenye lebo, ndani mna maji ya kahawia.

"Na hii ni ya leo asubuhi. Mwalimu alisema siku hizi mnataka na chafu, basi nimeleta chafu." Akakohoa kidogo. "Mnisamehe, haijafika shingoni. Ilikuwa manyunyu tu."

Alianza kucheka mtu mmoja, wakafuata wote, na yule mama wa kalamu nyekundu alicheka mpaka akatoa leso.

Tulitolewa nje tungoje. Mama alisali kwa sauti kwenye korido. Mzee alisimama dirishani, mikono nyuma. Mimi nilikaa sakafuni, nguo nzuri na yote. Waliponiita ndani, mtahini alikuwa amesimama.

"Umepita," akasema. "Kuna sahihisho moja. Njia hii mpe jina lake, Njia ya Kikombe Cheupe, na uandike ni ya nani. Jina lake kamili."

Nilitoka nikiwa sioni mbele kwa machozi. Mama aliona uso wangu tu, akapiga vigelegele ambavyo nadhani vilisikika mpaka mtaani, milango ya ofisi ikaanza kufunguka mmoja mmoja. Nilimwendea mzee pale dirishani.

"Tumepita, mzee."

"Tumepita?"

"Tumepita. Na jina lako linaandikwa. Kamili."

Alinipa mkono, akaushika wangu muda mrefu, akaitikia kwa kichwa mara kadhaa. Halafu akageuka tena dirishani. Upande wa magharibi, juu ya Kilimani na Lavington, manyunyu yalikuwa yamegeuka mvua ya kweli, nyeusi.

"Mwalimu," akasema, "kule kwetu kunanyesha. Ni nani anakinga?"

Utafiti ulikuwa umekwisha. Hakuna aliyehitaji tena hata tone. Nilirudi ndani nikachukua kikombe mezani, tukateremka ngazi mbio sote watatu.